Maji Yaliyobaki Ndani

Jumamosi iliyopita jioni kijana mmoja wa kwetu Pwani, anayeishi Brooklyn Park, Minnesota, alinipigia simu. Msimu huu wa joto alinunua jeti-ski, pikipiki ya majini, ya viti vitatu, si mpya, na wanawe walishinda nayo ziwani kila mwisho wa juma mpaka shule zilipofunguliwa. "Mjomba," akaniambia, "nimeshaipandisha kwenye trela, nimeiosha, nimeinunulia turubai zuri nikalifunga kamba pande zote. Kuna lingine kabla ya majira ya baridi?"

Nikamuuliza kama ameitoa maji. Akanijibu kwamba iko juu ya trela wiki ya pili sasa, maji yatoke wapi tena. Nikamwambia asiende popote, nakuja. Nikapakia galoni nne za dawa ya waridi ya kuzuia maji yasigande, kompresa ndogo, mpira wa maji, faneli na sanduku la spana, nikashika njia. Utabiri ulisema usiku wa Jumatatu baridi itafika nyuzi 4 chini ya sifuri.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya wengi wetu tuliohamia nchi za theluji, Mungu akatujalia kipato, tukanunua vyombo vya majini kwa sababu majini ndiko tulikokulia. Jimbo hili la Minnesota lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari kumi na zaidi. Mtu wa pwani akikaa hapa mwaka mmoja tu, macho yanaanza kutafuta chombo. Lakini tunakuja na elimu yetu ya maji kutoka nyumbani, na elimu ile, pamoja na uzuri wake wote, ina tundu moja. Tundu hilo mimi lilinilia mashine nzima.

Nimezaliwa Vanga, mpakani kabisa, ukitupa jicho kusini ni Tanzania. Baba alikuwa na mashua. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika nguvu, mwezi wa tano kuelekea wa sita, bahari inachafuka na mashua ndogo haina biashara nje ya mwamba. Basi tulingoja bamvua, maji makubwa yakijaa tukaipandisha juu ya magogo mpaka nyuma ya mikoko, tukaiegemeza kwa miti pande mbili, kazi ikaanza. Mwani na makombe yanakwanguliwa. Tumbo linachomwa kwa moto wa makuti kuwaua wadudu wanaotoboa mbao. Fundi anakuja na nyundo na patasi yake kukalafati, pamba iliyolowa mafuta inashindiliwa kwenye maungio mpaka inakataa kuingia. Mbao za ndani zinapakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake ikikamata shati hilo shati limekuwa la baharini maisha. Nje, sehemu inayokaa majini, inapakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, kwa kiganja, taratibu, kama unavyopaka ukuta.

Kazi yangu mimi, nikiwa na miaka minane, tisa, ilikuwa moja. Kila jioni nichote maji ya bahari kwa ndoo, niimwagie mashua nje na ndani. Mbao zikikauka sana zinasinyaa, maungio yanaachana, na siku ya kushusha chombo kinaingiza maji kama tenga. Asubuhi baba akipita alikuwa anaingiza mkono, anapapasa ngama, chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Akikuta kukavu, siku hiyo sina amani. Ndivyo nilivyokua nikijua kwamba chombo kikilala nchi kavu, kukiachia maji ndani ndiko kukitunza.

Jeti-ski yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2013 kwa mtu aliyekuwa anahamia Arizona. Mwezi wa kumi nikaitoa ziwani, nikaiosha kwa sabuni, nikaipaka nta, nikaifunika. Iliwekwa kibandani nyuma ya nyumba, na kila nilipopita na koleo la theluji niliigusa kidogo juu ya turubai, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Mwezi wa nne barafu ilipokwisha nikaishusha. Iliwaka mara moja. Furaha yangu ilidumu kama robo saa. Kisha injini ikaanza kukohoa, nguvu ikapungua, taa nyekundu ikawaka kwenye usukani, nikavutwa na boti ya watu mpaka gatini.

Fundi mmoja mzee, mzaliwa wa huku huku, alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha bila kusema neno. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akanipa kioo kidogo na tochi, akanielekeza nitazame ubavuni mwa bloku ya injini, upande wa nyuma, chini. Sikuona kitu. Akapapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, tukangoja. Spiriti ikakauka kote isipokuwa kwenye mstari mmoja mwembamba kama unywele, urefu wa kidole changu cha kati, ambao uliendelea kumeta peke yake. Akaniambia maji yaliyofanya vile huenda hayakujaza hata kikombe.

Bei ya bloku pamoja na ufundi ilizidi ile niliyonunulia mashine. Nikaiuza kwa vipuri. Mwezi wa tisa uliofuata nilimrudia mzee yule kumwomba kazi za Jumamosi na Jumapili, na mpaka leo, kila kipupwe kikikaribia, niko kwenye karakana ile nikifungia watu vyombo vyao.

Niliyojifunza pale, kwanza kabisa, ni tabia ya maji ambayo Vanga hatukuwahi kuhitaji kuijua. Vitu vingi vikiganda vinajikunja. Maji yanafura, kama asilimia 9 hivi. Ndiyo sababu barafu huelea, na ndiyo sababu samaki wa Ziwa Minnetonka wanaishi chini ya dari la barafu miezi kadhaa bila kudhurika: maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, yanazama chini, na yanayoganda yanabaki juu. Rehema kwa samaki. Lakini maji hayo hayo yakifungiwa kwenye mfereji mwembamba wa alumini, hayana pa kufuria. Baridi ikifika nyuzi 22 chini ya sifuri, barafu iliyobanwa pande zote inaweza kusukuma kwa shinikizo la zaidi ya mara 2,000 ya hewa tunayovuta. Hakuna bloku ya injini yenye ubavu huo. Na usiku wa nyuzi 22 hapa si ajabu mwezi wa kwanza. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka 33 chini ya sifuri. Nakumbuka kope za macho zilivyokuwa zinagandana nikitembea kutoka gari hadi mlangoni.

Kwa hiyo mtu anaposema baridi imeua mashine yake, mimi huuliza maji yalibaki wapi. Chuma kikavu hakiogopi baridi. Kazi yote ya kufungia jeti-ski, ukiondoa mambo mawili matatu, ni kuyatafuta maji.

Na yanajua kujificha. Jeti-ski haina rafadha, yaani panga boi, ya nje kama boti. Chini ya tumbo kuna tundu lenye wavu; impela, panga linalozunguka ndani, inavuta maji kwa pale, inayabana, inayatupa nyuma kwa nguvu, na huo msukumo ndio mwendo. Sehemu ndogo ya maji yaliyobanwa inaibwa njiani na kupelekwa juu kwenda kupoza. Hapo mashine zinatofautiana. Yamaha na Kawasaki hupitisha maji ya ziwa ndani ya injini yenyewe. Sea-Doo zenye injini za Rotax za mapigo manne zina kulenti yao, maji yenye dawa ya kupozea, inayozunguka kwa ndani bila kutoka, ila ekzosi yao, njia ya moshi, inapozwa kwa maji ya ziwa vilevile. Mwenye mashine lazima ajue yake ni ya aina gani kabla hajashika spana, na kitabu kilichokuja na mashine kitamwambia. Ya kijana wangu ni ya aina ya kwanza, kama ilivyokuwa yangu. Kila pembe ya injini ile ilikuwa imekunywa maji ya ziwa tangu mwezi wa tano.

Nilifika kwake jua linazama. Kabla hata sijashuka garini niliona jambo: njia ya kuingilia gereji yake inateremka kuelekea nyumba, na trela alikuwa ameiingiza kwa mbele. Omo, mbele ya chombo, ilikuwa chini, na tezi, nyuma yake, iko juu. Nikamuuliza habari za vizibo vya tezi. Akasema alivitoa pale ziwani, kama sheria ya jimbo inavyotaka, akavirudisha alipofika nyumbani ili panya wasiingie. Sheria ile nzuri, tuseme hapa. Mwaka 2010 Minnetonka ilionekana kuwa na kome wadogo wa milia waliotoka ng'ambo, ambao watoto wao hawaonekani kwa macho na husafiri ndani ya maji ya ngama kutoka ziwa hadi ziwa. Ndiyo maana chombo hakiruhusiwi kupita barabarani na vizibo vimefungwa.

Tukaizungusha trela, tukainua omo kwa jeki, tukaweka tofali chini. Nikafungua vizibo. Binti yake mdogo alikuwa na ndoo nyekundu ya kuchezea mchanga, nikaikinga. Maji yakaanza kwa matone, yakawa uzi, kisha yakaja kwa mkupuo na jani moja la mwaloni. Ndoo ikafika nusu. Kijana aliitazama ile ndoo, akanitazama mimi. Na hayo yalikuwa ya ngama tu, ambayo hata yangeganda yasingepasua kitu kikubwa. Ya injini bado.

Tukaanza na petroli, kwa sababu yale yanayofuata yanahitaji injini iwake, na ikiwaka inavuta petroli iliyotiwa dawa mpaka kwenye sindano zake. Petroli ya kawaida ya hapa ina ethanoli asilimia 10. Ethanoli inapenda maji. Inayavuta kutoka hewani, na ikishashiba inajitenga na petroli, inashuka chini ya tangi pamoja na maji yake. Injini ya masika inaanza kwa kunywa uchafu ule. Vituo kadhaa vya jimbo hili vinauza petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti na injini ndogo, na mimi sijazi nyingine mwishoni mwa msimu. Tangi linajazwa karibu lijae ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, ila unaacha kiasi cha vidole vitatu vya kupumulia. Dawa ya kutunza petroli inatiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuongeza zaidi hakusaidii.

Sasa sehemu ambayo ningependa kila mtu aisome mara mbili. Kusafisha mifereji kwa maji safi ya bomba kuna utaratibu, na ukiugeuza unaharibu injini kwa mikono yako. Unaunganisha mpira wa maji kwenye tundu lake. Unawasha injini kwanza, ndipo unafungua bomba, mara moja, bila kuchelewa. Ukimaliza, unafunga bomba kwanza, unavuta mafuta mara mbili tatu ili injini iteme maji yaliyomo, ndipo unazima, tena kwa sekunde chache maana injini hiyo sasa haina cha kuipoza. Kwa nini? Kwa sababu injini inayowaka inasukuma moshi nje, na moshi ndio unaoyafukuza maji kwenye ekzosi. Injini ikiwa imezimwa na bomba liko wazi, maji yanajaa kwenye boksi la ekzosi, yanapanda, yanaingia kwenye silinda kwa mlango wa nyuma. Maji hayabanwi. Ukibonyeza stata, pistoni inapanda na kugonga maji kama ukuta, na mkono wa pistoni unapinda. Nimeshika mkono uliopinda namna hiyo. Ni chuma kinene, na umepinda kama kijiko.

Kijana alishika bomba, mimi nikashika usukani, tukawa tunaitana. "Imewaka!" "Nafungua!" Binti akawa anarudia kila neno. Dakika tatu, maji yaliyokuwa yanatoka nyuma yakiwa na mchanga mweusi yakawa meupe. "Funga!" Nikavuta mafuta, moshi na maji vikaruka kwenye changarawe, nikazima.

Baada ya hapo kompresa, kwa hewa ya taratibu tu, kupitia tundu lile lile. Unasikia gurugu, gurugu, kisha kimya, kisha ukidhani pamekwisha linatoka bonge jingine. Usiwe na haraka. Nikipuliza huwa natikisa trela kidogo, kwa sababu maji yaliyolala kwenye kona hayatoki mpaka uyaamshe.

Ndipo dawa ya waridi. Hii ni propilini glikoli, ile wanayotia pia kwenye mabomba ya nyumba za magari. Iko ya kijani ya kwenye magari, ambayo mara nyingi ni ethilini glikoli. Hiyo ni sumu, na ina ladha ya utamu inayowavuta mbwa na watoto, kwa hiyo kwenye chombo kinachomwaga ziwani usiiweke kamwe. Ya waridi kwenye galoni imeandikwa kuhimili mpaka nyuzi 50 chini ya sifuri kwa kipimo cha Wamarekani, karibu 46 chini kwa kipimo chetu. Lakini nambari hiyo ni ya dawa isiyochanganyika. Ikikutana na maji yaliyobaki inapungua nguvu, ndiyo sababu tumepuliza kwanza. Nikainua galoni juu ya kiti kwa faneli na mpira, kijana akawasha, nikaachia. Kwanza kilitoka kitu cheupe. Kisha waridi hafifu, kama maji uliyosuuzia kikombe cha sharubati. Sikusimama hapo. Galoni ya pili ikaenda, ndipo nyuma ikatoka rangi ile ile iliyokuwa inaingia mbele, nzito, na changarawe yote ikawa ya waridi. Tuliilaza karatasi ya nailoni na beseni tangu mwanzo, tukakinga nyingi tuliyoweza.

Oili tulibadilisha injini ikiwa bado ina joto, kwa pampu ya kunyonya kupitia tundu la kijiti, maana jeti-ski nyingi hazina nafasi ya kumwaga kwa chini. Wengi huacha oili ya zamani mpaka masika, wakisema mbona mashine imelala. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na miezi sita ikikaa juu ya chuma inakula chuma polepole. Weka mpya sasa. Pamoja nayo, plagi zinatolewa, kila silinda inanyunyiziwa oili ya kutunzia, injini inazungushwa kidogo kwa stata bila cheche ili oili isambae kwenye kuta, plagi zinarudi. Namna ya kuzungusha bila cheche iko kwenye kitabu, na kila kampuni ina yake.

Nikiwa chini na tochi nikitazama impela, niliona kitu kinang'aa kwenye shafti. Mshipi wa kuvulia. Ulikuwa umejizungusha raundi nyingi, umejibana, umeyeyuka kidogo kwa joto, ukawa kama pete ya plastiki. Nilikaa nao nusu saa kwa kisu kidogo na koleo, uzi baada ya uzi. Mshipi ukiachwa pale unakata mpira unaozuia maji kuingia kwenye beringi za pampu, na msimu ujao grisi yote inaoshwa. Kwetu mshipi kwenye rafadha ulikuwa unaonekana, unaupitia kwa panga ukiwa majini. Hapa umefichwa tumboni, na mwenye chombo hajui. Nilimpa binti ule mshipi akauzungusha kwenye mkono kama bangili.

Betri inaingia ndani ya nyumba. Iliyojaa chaji haigandi hata kwa baridi kali ya huku. Iliyokwisha inaganda mapema sana, karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa sababu chaji ikiisha asidi yake inabaki kama maji matupu. Irudie kila mwezi kwa chaja ndogo na utaikuta mwezi wa tano kama ulivyoiacha. Kuosha mwili, kupaka nta, kupuliza matairi ya trela, hayo kila mtu anayajua na hayana haja ya maneno yangu.

Panya ndio wanaohitaji maneno. Mwaka 2016 mashine ya mteja mmoja ilifunguliwa masika, ndani ya boksi la kuingizia hewa tukakuta kiota: sponji ya kiti iliyotafunwa laini kama pamba ya kalafati, mbegu za alizeti, na nyaya nne zilizomenywa mpaka shaba ikaonekana. Panya wa huku anatafuta joto, na chini ya turubai kuna joto. Mimi naziba tundu la ekzosi na mlango wa hewa kwa nyuzi za chuma zile za kusugulia masufuria, panya hazitafuni. Kisha, na hili ni lazima, ninaandika karatasi na kuifunga kwenye usukani kwamba nyuzi zipo na zipo wapi. Akili ya mwezi wa kumi na akili ya mwezi wa nne si moja. Ukiwasha injini ekzosi imezibwa, umejitafutia balaa jipya. Kiti nakiinua kidogo kwa kipande cha mbao hewa ipite. Turubai liwe la kitambaa kinachopumua. Lile la buluu la plastiki alilonunua kijana linafungia unyevu ndani, na nilimwomba alirudishe dukani.

Kwa ndugu zangu mnaofanya kazi na jeti-ski Nyali au Diani: kwenu barafu haipo, lakini chumvi ipo, nayo inakaa kwenye mifereji ile ile. Utaratibu wa bomba na injini haubadiliki hata kidogo. Ufanyeni kila jioni. Nimeona mashine za pwani zikifa kwa kutu kwenye umri ambao ya ziwani bado ni kijana.

Watu wa nchi hizi za baridi wana uzoefu wa kuhama kutoka maji kwenda theluji ambao umewaingia mpaka viwandani. Bombardier wa Quebec, Kanada, waliokuwa wanatengeneza pikipiki za theluji ndio walioleta Sea-Doo ya kwanza mwaka 1968. Polaris wa Roseau, kaskazini mwa jimbo letu hili, nao waliunda jeti-ski kuanzia 1992 mpaka 2004, na Arctic Cat wa Thief River Falls waliwahi kujaribu pia. Mwezi wa kumi karakanani kwetu, jeti-ski zinaingia kwa mlango mmoja na pikipiki za theluji zinatoka kwa mwingine, mara nyingi za mtu yule yule, kwa trela ile ile. Wanabadilisha chombo kama sisi tulivyobadilisha tanga kwa upepo.

Tulimaliza saa nne usiku. Mama wa nyumba alituletea chai ya tangawizi na mahamri pale pale gereji, mikono yangu ikinuka grisi. Binti aliomba yeye ndiye aandike karatasi ya usukani. Akaandika kwa kalamu nene nyekundu: TOA NYUZI NYUMA NA MBELE KWANZA, akachora panya chini yake. Baba yake akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaifunga kwa kamba.

Simu yangu ikalia. Vanga kulikuwa kumepambazuka Jumapili, na ndugu yangu alikuwa amenitumia picha. Kusi imekata, bamvua imejaa alfajiri, wameshusha mashua. Watu sita wamesimama maji ya mapajani, mikono kwenye ubavu wa chombo, na shahamu mpya inang'aa nyeupe chini ya mstari wa maji. Nikampa kijana simu aone. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaniuliza mbona mbao za juu nazo zimelowa, wakati ndiyo kwanza inaingia majini.

Nikamwambia mtoto wa ndugu yangu alikuwa anazimwagia maji kila jioni.